Simba Mkari

Watu wanaotengeneza vifaru vidogo vya vita hapa Nairobi hawanipendi, na siwalaumu. Mimi ndiye ninayekagua stika zao. Mtu amekaa miezi minne akiunganisha vipande vya plastiki, amekipaka kifaru chake rangi ya vumbi, amekitia kutu ya uongo kwenye minyororo, kisha ananiletea mezani kitu cha urefu wa kiganja ambacho anakipenda kuliko mashemeji zake. Nami nachukua lenzi, naiangalia namba iliyobandikwa ubavuni, na kumwambia kwamba saba hii haikuandikwa hivi wakati wa vita vile, au kwamba kikosi hiki kilikuwa bado hakijapewa alama hii. Stika yenyewe ni utando mwembamba sana. Unauloweka kwenye kisahani cha maji, unausukuma kwa brashi mpaka ukae mahali pake, na ukishakauka huwezi kuutoa bila kuharibu rangi iliyo chini yake. Ndiyo maana wanakasirika. Wamenipa majina mengi, na ninalolipenda ni Mama Hapana. Wanasema sijawahi kukosea. Hakuna kati yao anayejua kwamba kazi hii niliipata kwa sababu ya stika moja ambayo niliikataa nikijua ni ya kweli. Nilikuwa na miaka ishirini, na nilikuwa na wivu.

Mwezi uliopita Mama Rebeka alinipigia simu kutoka Kakamega. "Mwanangu, mzee ametuacha," alisema. Mzee ni Fundi Lihanda, mume wake, aliyenifundisha kila ninachokijua. Nilikaa kitini nikalia, na katikati ya kilio Mama Rebeka akaongeza, kwa nia njema kabisa, "Usijari, siko peke yangu. Nekesa arifika tangu jana, ndiye anapikia watu." Machozi yakakatika palepale. Jambo la kwanza nililolifikiria, mwalimu wangu akiwa bado hajazikwa, ni kwamba Nekesa amenitangulia tena.

Habari za kwetu na nilivyofika kwa Fundi nitaziacha, maana hazina utamu wowote. Nitasema juu ya chumba. Karakana yake ilikuwa nyuma ya soko la Kakamega, vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta wa mbao. Cha mbele kilikuwa cha riziki: humo tulichapa kalenda za makanisa, namba za jezi, na mabango ya vinyozi. Cha nyuma kilikuwa cha mapenzi yake. Fundi alikuwa amepaka rangi magari ya jeshi ujana wake wote, na alipostaafu hakuweza kuachana nayo, akaanza kuyatengeneza madogo. Jumamosi walikuja wenzake watatu, karani wa hospitali, padri mmoja mnene, na Mhindi wa duka la vipuri ambaye ndugu zake wa ng'ambo walimletea vifaru vikiwa vipande ndani ya maboksi. Stika zilizokuja ndani ya maboksi Fundi alizitupa. Alisema zimechorwa na watu waliokuwa na haraka. Zetu tulizichora wenyewe kwa ukubwa wa sahani, tukazipunguza kwa kamera, tukazichapa kwa skrini kwenye karatasi yenye gundi, na kila moja ilibidi iwe na shahidi. Hilo lilikuwa neno lake. Shahidi ni picha ya kifaru chenyewe, au mtu aliyekiona kwa macho yake, na aliyechora hakuruhusiwa kuwa shahidi wa kazi yake mwenyewe. Mwenzake ndiye aliyekwenda kuangalia.

Kabla ya mwaka aliokuja Nekesa nilikuwa peke yangu mle ndani, nami niliridhika. Nilikuwa nimevisoma vitabu vyote vya padri. Nilijua upana wa nyota na umbali wa namba kutoka kwenye kifuniko, na Fundi alikuwa akiniuliza mbele ya wageni, "Muhonja, hii ni sawa?" nami nikajibu, na padri akatikisa kichwa kwa mshangao kwamba msichana anajua mambo ya vifaru. Nilikuwa pia naongea Kiswahili safi. Shuleni tulikuwa na mwalimu aliyetuchapa kwa kila L iliyogeuka R, na nilitoka pale bila hata R moja mahali pasipo pake. Kwetu hilo si jambo dogo. Nilijivunia kama wengine wanavyojivunia ng'ombe.

Nekesa alikuja baada ya mavuno, kutoka Mautuma, kule Lugari kwenye mashamba yaliyokuwa ya wazungu. Alikuwa na umri wangu, mrefu, mwenye sweta ya shule iliyokatwa nembo. Siku ya kwanza aliniomba, kwa adabu, "Dada, nisaidie karamu." Nilimwambia karamu hatuna, leo hatujachinja. Karani wa hospitali alicheka mpaka akakohoa. Nekesa naye alicheka, maana hakuwa na kinyongo, na hilo likaniudhi zaidi. Fundi hakucheka. Alichukua kalamu sikioni mwake mwenyewe akampa.

Kisha nikaona anavyofanya kazi. Mimi nilichora herufi kwa rula na bikari. Yeye aliishika picha, akaitazama kwa muda mrefu huku mdomo ukiwa wazi kidogo, kisha akachukua brashi nyembamba na kuandika kwa mkono mtupu, na kilichotoka kilikuwa mwandiko wa mtu mwingine, wa mwanajeshi asiyejulikana aliyeandika namba ile akiwa amesimama juani. "Hapa rangi irimwishia," alisema akionyesha mkia wa tisa. "Hapa arichoka, akainamisha mkono." Niliichukua picha na lenzi. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeitazama picha ile mwaka mzima nikipima urefu wa namba, na sikuwa nimeona kwamba kuna mtu. Fundi aliipeleka stika ya Nekesa dirishani, akaigeuza kwenye mwanga, akakaa nayo hapo mpaka chai yake ikapoa. Zangu alikuwa akizitazama, anasema "safi," anaziweka chini. Kuanzia siku ile neno safi likaanza kunichoma.

Mchana tulikula pamoja kwenye meza ya kazi, juu ya magazeti. Mama Rebeka alileta obusuma, yaani ugali, na mboga ya mrenda, na Jumamosi moja kwa mwezi alileta ingokho. Mtu wa kwetu nisimweleze, lakini wengine wajue kwamba kuku akipikwa, firigisi ni ya mwenye nyumba. Si ya mama, si ya binti, na mgeni akipewa ni heshima atakayoisimulia akirudi kwao. Jumamosi ile Fundi alitoa firigisi kwenye sahani yake, akaikata katikati kwa kisu cha kukatia karatasi, na nusu akaiweka juu ya ugali wa Nekesa. Padri aliacha kutafuna. Mama Rebeka alisema, "Mzee!" Naye akajibu, "Mtu anayeona hivi hawezi kura mgongo kira siku." Nekesa alimtazama Mama Rebeka kuomba ruhusa, kisha akaila, akifumba macho. Mimi nilikuwa na paja zima sahanini mwangu. Nilikula nikasikia ninatafuna kamba.

Ndipo ikaja ile nafasi. Karakana ya jumba moja la makumbusho Nairobi ilikuwa inamtafuta kijana mmoja wa kufundishwa kutengeneza mifano midogo, kulala bure, kazi ya kudumu. Fundi aliandikiwa. Alitangaza kwamba kila mmoja wetu atatengeneza kifaru chake, waamuzi watatu watakuja kutoka Nairobi, maonyesho yatafanyika kwenye ukumbi wa kanisa, na asiye na kosa ndiye atakayekwenda. Sikuwa na mahali pengine pa kwenda duniani. Kurudi nyumbani kulikuwa ni kuolewa na mtu ambaye tayari alikuwa ameshaletwa kunitazama. Jioni moja nilikuwa nafagia chumba cha mbele nikawasikia Fundi na mkewe nyuma ya mbao. "Huyu Muhonja anajua," alisema Fundi. "Yure mwingine anaona." Mama Rebeka akauliza, "Sasa utapenda nani aende?" Fundi akajibu, "Waamuzi watasema. Rakini ukiniuriza mimi, kujua kunafundishwanga." Niliendelea kufagia mahali palepale mpaka sakafu ikaanza kuchubuka.

Mimi nilichagua kifaru cha kitabuni, chenye nyota nyeupe na namba kumi na moja, vyote vikiwa na picha. Nekesa alichagua kitu ambacho hakuna kitabu kilichokiandika. Alisema kwao Mautuma kuna bibi mmoja jirani, na ukutani kwa huyo bibi kuna picha ya kifaru cha vita vya pili vya dunia. Mzungu aliyekuwa na shamba pale alikwenda vitani akawa mkubwa wa vifaru, na kifaru chake alikipa jina la Kiswahili. Nekesa alikulia chini ya picha ile. Bibi haruhusu itoke ukutani, lakini yeye anaijua kwa moyo. Akachora herufi nyeupe, nene, zenye mtetemo: SIMBA MKARI.

Tulipobadilishana ushahidi, yeye alikwenda kwa padri na kuvipekua vitabu kwa ajili yangu. Alirudi akanivuta pembeni, Fundi asisikie. "Nyota yako umeipindua, Muhonja. Ncha moja ndiyo inaendanga juu, si mbiri. Badirisha kabra ya Jumamosi." Nikabadilisha. Wakati wa maonyesho angeweza kusimama na kulisema kosa lile mbele ya watu, na nafasi ingekuwa yake bila jasho. Hata sikumshukuru ipasavyo. Nilimwonea wivu kwa wema ule pia.

Nilifika Mautuma siku mbili kabla ya maonyesho. Bibi aliitwa Kukhu Selina, mjane, mdogo wa umbo, sauti kubwa. "Karibu, mwana wanje, mwanangu. Umetoka mbari. Kura kwanza, picha haikimbii." Alinipa mahindi yaliyochemshwa na maharage, na maziwa yaliyoganda kwenye kikombe cha bati. Viti vilifunikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, na ukutani, kati ya kalenda ya kanisa na cheti cha ubatizo, ilikuwepo picha. Nilisogea nikiwa bado natafuna. Kifaru kilikuwa kimeegeshwa kando ya miti nisiyoijua, wazungu wanne wamekaa juu yake, na Mwafrika mmoja kijana amesimama chini akiwa na kopo la rangi. Ubavuni palikuwa na herufi ndefu kama mkono wa mtu. Nilitoa lenzi. Ilikuwa R. Ilikuwa R yenye mguu mrefu uliotupwa mbele, mguu uleule ambao Nekesa alikuwa ameuchora.

"Huyo mwenye kopo ni mume wangu Petro," Kukhu Selina alisema nyuma yangu. "Hapa shambani arikuwa anapakanga mirango rangi. Wakaenda vitani na mzungu wake. Akaambiwa, Petro, andika Simba Mkari. Akaandika vire arisikia." Alicheka peke yake. "Wakubwa wakasema futa, hii si Kiswahiri. Mzungu akakataa. Akasema, huyu ndiye ameandika, iachwe hivyo. Petro arikuwa anaisemanga hiyo mpaka siku ya kufa." Kisha akasema jambo ambalo alilisema kama mzaha: kwamba ameshawaagiza wanawe, yeye akifa, picha izikwe naye. Nilimshukuru. Alinifungia mahindi ya kupeleka Kakamega.

Nataka nieleweke. Sikutoka Mautuma nikiwa nimeamua kusema uongo. Nilikuwa nimeumia, nilikuwa nimetamani ile R iwe L kwa nguvu zangu zote, lakini nilijua nitasema nilichokiona. Niliandika hata kwenye kikaratasi: MKARI, kwa R, picha ipo. Jumamosi niliingia ukumbini nikiwa nacho mfukoni. Vifaru vyetu viliwekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, changu kushoto, chake kulia. Fundi alifika akiwa na suti yake ya harusi. Alipita mbele ya changu akasema, "Safi." Akasimama mbele ya cha Nekesa, akatoa leso yake, akapangusa vumbi kwenye kibao kilichokibeba kwa kidole kimoja, taratibu, mara mbili. Basi. Ni kitu kidogo hivyo. Watu husema wivu unapanda ghafla kama moto, lakini wangu ulitulia tu, nikajua ninachokwenda kufanya.

Mwamuzi mkubwa alikuwa mwanamume wa Nairobi mwenye miwani. Alikiinamia kifaru cha Nekesa kwa muda mrefu kuliko changu, akawaita wenzake, wakanong'ona, na niliona kwamba wamekipenda. Kisha akasoma jina kwa sauti, akakunja uso. "Shahidi wa hiki ni nani?" Nilisimama. "Picha uliiona?" Niliiona. "Jina linasemaje?" "Simba Mkali." "Kwa herufi gani?" Nikasema, "L." Ukumbi ulianza kucheka, kwanza viti vya mbele, kisha vya nyuma. Mwamuzi alitabasamu. "Kumbe huku kwenu simba ni wakari?" Nekesa alisimama. Hakuwa amekasirika, alikuwa ameshangaa tu, na akasema kwa sauti ya kusikika, "Niriona R." Hapo hata padri alijificha uso. Kila mtu aliyekuwa mle ndani alizaliwa na ulimi uleule, nusu yao wangeisema vivyo hivyo kama wangeinuka, lakini walicheka, na aliyewapa ruhusa ni mimi. Nilijua watacheka. Niliuchagua uongo ule kwa sababu nilijua hakuna atakayeuuliza swali la pili. Sikucheka mwenyewe, kama kuna anayejali.

Fundi alinitazama. Hakunitilia shaka, na ndilo jambo ninaloliota mpaka leo. Alikuwa amenifundisha mwenyewe, na alichokisema ni, "Shahidi amesema." Jioni tulikuwa wawili chumba cha nyuma tukikunja kitambaa. Nekesa aliuliza, "Uriangaria vizuri, Muhonja?" Nikasema niliangalia kwa lenzi. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Basi ni macho yangu," alisema. "Nasikianga vibaya, kumbe na kuona pia." Nilikuwa na kikaratasi mfukoni wakati huo. Nilikichoma kwenye jiko la Mama Rebeka nikisaidia kupika.

Nilikwenda Nairobi mwezi uliofuata. Nekesa alirudi kwao, na nilisikia baadaye kwamba alijaribu kuhakikisha. Kukhu Selina alikuwa ameshafariki na picha ikazikwa naye, kama alivyoagiza. Aliwauliza wanawe. Wote walikumbuka kwamba kulikuwa na kichekesho cha herufi. Mmoja alisema ni R, mwingine akasema hapana, ni R, akimaanisha L, wakabishana mpaka chakula kikapoa. Ukimwuliza mtu wa kwetu kama kitu ni L au R, umejitafutia kazi. Nekesa aliolewa, akaanza kuuza mahindi na maharage soko la Matete. Brashi hakushika tena. Mimi nilipanda cheo, nikafundisha wengine, nikaitwa nchi za mbali kukagua vifaru vya watu wakubwa. Kila nilipokataa stika nilihisi nimelipa kidogo kwa ajili ya ile moja, na kila nilipohesabu nilikuta sijalipa kitu.

Mazishi yalikuwa nyumbani kwa Fundi, upande wa msitu, chini ya turubai mbili. Nekesa alinipokea akiwa amevaa aproni, amenenepa, mzuri bado. Alikuwa na binti wawili wakubwa wakimfuata na sufuria. Alinikumbatia kwa furaha. Nilichokigundua kwanza ni namna alivyoongea. Aliongea polepole, na mbele ya kila L alisimama kidogo, akaitafuta, akaitamka kama mtu anayevuka mtaro. "Nimefurahi kukuona. Watu ni wengi, chaku-la kitatosha." Hakuna hata R moja iliyopotea njia. Nimewahi kufundisha wanafunzi wenye Kiswahili kibaya kuliko hicho.

Kabla ya ibada Mama Rebeka alileta msalaba wa mbao uliopakwa rangi nyeupe, na kopo la rangi nyeusi, na brashi. Aliupita mkono wangu niliokuwa nimeshaunyoosha. "Nekesa, ni wewe. Mzee angetaka mkono wako." Niliurudisha mkono mfukoni. Nekesa alikataa, akabembelezwa, akakubali. Alipiga magoti, akachovya brashi, akaishikilia juu ya mbao, haikushuka. Kisha akageuka kwangu na kuninong'oneza, wasisikie wengine, "Muhonja. Lihanda. Inaanza na L, ama ni R?"

Alikuwa amemjua mtu yule zaidi ya nusu ya maisha yake. Alikuwa ameona jina lile juu ya mlango wa karakana kila asubuhi.

"Siku hizi siandiki kitu bi-la kuu-liza," alisema. "Hata vibao vya bei sokoni, binti zangu ndio wanaandika."

Nikasema, "Ilikuwa R."

"Rihanda?" Akashtuka, akaishusha brashi kutaka kuandika R.

Nilimshika mkono. "Hapana. Lihanda ni L. Nasema Simba. Simba wa Petro. Ilikuwa R, Nekesa. Niliiona. Yenye mguu mrefu, kama ulivyoichora."

Aliiweka brashi kwenye kopo, akakaa juu ya visigino vyake. Nyuma yetu kwaya ilikuwa inajaribu sauti. "U-liona," alisema.

"Niliona."

"Sasa u-linionea nini?"

"Wivu," nikasema. "Mzee alikupenda kuliko mimi."

"Mzee a-litupenda sisi wote."

"Wewe zaidi." Nina miaka hamsini na minne, nina wajukuu, na ndivyo nilivyomjibu.

Nilitegemea anipige kofi, na ningefurahi. Aliutazama mkono wake wa kulia, akaukunja na kuukunjua, kisha akainama akaandika jina la Fundi lote bila kuinua brashi, herufi zikitoka moja baada ya nyingine, na sijawahi kuona mwandiko mzuri kama ule. Aliposimama alinikamata kifundo cha mkono, akanivuta katikati ya viti hadi kwa mshereheshaji. "Huyu dada ana neno," alimwambia. "Ni neno ra mzee, na neno rangu." Nilizisikia zile R. Zilitoka zote mbili bila kusimama popote.

Nilipewa kipaza sauti. Watu waliacha kuongea, kwa sababu nimetoka Nairobi na nimevaa vizuri. Nilisema yote, jina langu, picha, herufi, ukumbi, na kwamba nilidanganya mbele ya Fundi Lihanda naye akaniamini. Nilisema Petro aliandika MKARI, na Nekesa aliona sawasawa. Nilingoja wanizomee. Mzee mmoja kule nyuma akasema kwa sauti ya kuridhika, "Simba Mkari!" na mwingine akadakia, "Ndiyo hiyo! Ndivyo tunasemanga!" Turubai zote mbili zikacheka, kicheko cha nyumbani, na watu wakaanza kupiga makofi. Nekesa alijifunika uso kwa aproni, akicheka na kulia. Binti zake walikimbia kumshika, wakimwuliza, "Mama, ni wewe? Ni wewe uriandika?" Mama Rebeka aliinuka kwenye kiti cha mjane, akapita mbele yangu mikono yake ikiwa wazi, akaenda kumkumbatia. Wazee wakasogeza viti wapate kumwona. Mshereheshaji alikitoa kipaza sauti mkononi mwangu bila kuniangalia, akamkimbilia nacho yeye. Hakuna aliyenilaumu, hakuna aliyenikumbuka, nami nilibaki nimesimama pale kando ya jeneza la mwalimu wangu, nikimtazama, nikimwonea wivu.